Muriri Mkalimani: Imani Iliyokuja na Upepo na Lugha Iliyoipokea

Katika tarikhi ya Kilwa, ile iliyotungwa kwa Kiarabu katika karne ya 16 na ambayo nakala yake iliyotufikia ilinakiliwa hapa Unguja mwaka 1877, mna mtu mmoja ambaye wasomaji wengi humpita bila ya kumpa salamu. Kisa chenyewe ni maarufu. Baba na wanawe sita wanatoka Shirazi kwa majahazi saba, na kila jahazi linatia nanga mahali pake: la tano Pemba, la sita Kilwa, la saba Nzuwani. Mfalme wa Kilwa, ambaye si Muislamu, amekwenda bara kuwinda. Anaporudi, mgeni anaomba auziwe kisiwa. Mfalme anataka nguo za rangi za kutosha kukizunguka kisiwa kizima. Nguo zinatolewa, biashara inakwisha, na ukoo mpya unashika utawala.

Hivyo ndivyo tunavyosimuliwa, na hapo ndipo wengi wetu tunapofunga kitabu. Lakini kabla ya mfalme kurudi kutoka mawindoni, mwandishi anatuambia jambo ambalo yumkini hakulipima uzito wake. Wageni waliposhuka pwani walimkuta Muislamu mmoja pamoja na baadhi ya watoto wake. Jina lake, asema, lilikuwa Muriri wa Bari. Walikuta pia msikiti, nao ukiitwa Kibala. Na siku mfalme alipovuka kwa miguu wakati wa maji ya kupwa akaonana na mgeni, ni Muriri aliyesimama kati yao akifasiri maneno ya huyu kwa yule. Tena ni Muriri huyo huyo aliyemtahadharisha mgeni kwamba mfalme angerudi kukipokonya kisiwa. Ndipo ule mlango wa maji ya kupwa ukachimbwa hata ukawa hauvukiki tena.

Sikichukui kisa hiki kama hati ya kadhi. Majahazi saba na ndugu sita ni hesabu ya masimulizi, na wanahistoria wana haki ya kuitilia shaka. Ninachokiona ni hiki: tarikhi iliyotungwa ili kumtukuza mgeni haikuweza kumfuta mwenyeji. Ilibidi ikiri kwamba msikiti ulitangulia majahazi, na kwamba bila ya mtu wa kufasiri, nguo zote zile za rangi zisingenunua hata ukumbi wa nyumba. Nadhani katika mistari hiyo michache imo habari nzima ya namna Uislamu ulivyoenea katika mwambao wetu. Imani ilikuja kwa chombo, lakini iliingia kwa lugha. Na lugha ilikuwa mali ya aliyekuwapo pwani akingoja.

Bahari yenyewe ni kongwe kuliko imani iliyoivuka. Kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, kiitwacho Periplus, kinautaja mji wa Rhapta katika pwani ya Azania, na kinasema kuwa manahodha wa Kiarabu waliofika huko walikuwa wakioana na wenyeji na kuijua lugha yao. Hayo yaliandikwa zaidi ya miaka mia tano kabla ya Mtume Muhammad (S.A.W.) kuzaliwa. Basi Uislamu ulipofika haukufungua njia mpya. Ulipita katika njia iliyokwisha kukanyagwa na watu waliokuwa wakijuana kwa majina, kwa madeni na kwa ukwe.

Mwenye kuipima njia hiyo ni upepo. Kaskazi huanza kuvuma mwishoni mwa mwaka na kuvileta vyombo kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi. Kusi hushika baada ya Machi na kuvirudisha. Kati ya pepo hizo mbili pana miezi ya kungoja, na katika miezi hiyo ndimo mambo makubwa yalimotendeka. Mfanyabiashara aliyeshusha nguo, shanga na vyombo vya udongo vya kung'ara, akitaka kupakia pembe za ndovu, ambari, magamba ya kasa na boriti, hakuweza kuuza leo na kuondoka kesho. Alihitaji mwenyeji wa kumpa ghala na malazi, wa kumjulisha kwa watu, wa kumdhamini. Alihitaji mtu wa kumwachia mali hata msimu mwingine akiamini kuwa ataikuta. Na mwenyeji naye alihitaji kujua kuwa mgeni akishapotea upeoni, ahadi yake haikupotea naye.

Hapa ndipo dini na biashara ziliposhikana mikono. Uislamu ulileta sheria moja ya mikataba, mirathi, viapo na mashahidi, iliyotambulikana Siraf, Aden na Kilwa. Ulileta maandishi ya kuandikia deni. Muungwana wa pwani aliyesilimu alikuwa na kadhi mmoja na mdeni wake wa ng'ambo. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, nao hawakumaanisha zawadi peke yake. Hata hivyo tusiifanye imani kuwa leseni ya biashara. Wapo wafanyabiashara wengi katika historia waliouza na kununua bila ya kubadili qibla. Faida yaweza kueleza kwa nini mtu aliusogelea mlango wa msikiti. Kwa nini alibaki ndani, na kwa nini wajukuu wake walitaka kuzikwa kando yake, hilo lataka maelezo mengine.

Tuanze na msikiti wenyewe. Katika mji wa Shanga, kisiwani Pate, Mark Horton na wenzake walichimba katika miaka ya 1980. Chini ya msikiti wa Ijumaa walikuta misikiti mingine, mmoja juu ya mwingine, na chini kabisa alama za vigingi vya jengo dogo la miti, la mwishoni mwa karne ya 8. Jengo hilo lilikuwa ndani ya mji wa Kiafrika, kati ya watu waliopikia vyungu vya hapo hapo. Kila ulipochakaa msikiti walijenga mwingine mahali pale pale, mkubwa kidogo kuliko wa kwanza, hata likaja jiwe kushika nafasi ya mti. Hakuna katika udongo ule dalili ya mji uliotekwa ukajengwa upya na mshindi. Kuna dalili ya jamaa iliyoongezeka, pengine ukoo baada ya ukoo, hata ukumbi ukawa hauwatoshi.

Pemba nayo ina ushahidi wake, nao una utamu wa pekee kwa wapenzi wa ushairi. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, ilifukuliwa hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, ndogo ndogo kama magamba ya samaki, pamoja na dinari chache za dhahabu za ng'ambo. Sarafu za fedha zilipigwa katika mwambao huu huu, zikiwa na majina ya watawala wetu wa karne ya 10 na 11. Upande mmoja pana jina la mtawala. Upande wa pili pana maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu. Na maneno ya upande wa pili yana kina kimoja na jina la upande wa kwanza. Ukiigeuza sarafu mkononi, umesoma ubeti mfupi wa mizani miwili. Desturi hiyo iliendelea Kilwa kwa karne nyingi. Maneno ni ya Kiarabu, lakini hamu ya kuiona hata fedha ya sokoni ikiwa na vina, hiyo naitambua. Ni ya watu wanaotia saini barua kwa shairi.

Kutoka Pemba si mbali kufika Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, ambako ukutani mwa msikiti pana maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Jengo limejengwa upya baadaye, lakini maandishi yamebaki, na jina la Sheikh Abu Imran Musa bin al-Hasan bin Muhammad aliyeamrisha ujenzi bado lasomeka. Mtindo wa herufi zile unafanana na wa Siraf, katika pwani ya Uajemi. Jiwe lakini ni matumbawe, la bahari ya hapa hapa, ambalo ni laini likitoka majini na gumu likishaota jua. Aliyelichonga alipaswa kuzijua tabia mbili: ya herufi iliyotoka mbali na ya jiwe lililotoka chini ya miguu yake.

Wasafiri walioandika kwa Kiarabu waliiona hali hii, kila mmoja katika zama zake. Al-Masudi, aliyesafiri katika bahari hii mwaka 916, anaeleza habari za Kanbalu, kisiwa ambacho wengi wanaamini kuwa ni Pemba, kuwa kilikaliwa na Waislamu pamoja na wasiokuwa Waislamu. Anasema pia kuwa watu wa nchi ya Zanji walikuwa na wasemaji fasaha waliowawaidhi watu kwa lugha yao wenyewe. Tuliangalie neno hilo kwa makini: kabla ya kuwaidhiwa kwa Kiarabu, tulikuwa na mawaidha. Ibn Battuta naye, aliyepita mwaka 1331, alimkuta sultani wa Mogadishu akisema lugha ya mji wake ilhali Kiarabu akikijua. Mombasa aliisifu misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, na Kilwa aliuona mji mzuri wenye watu wa dini wanaofuata madhehebu ya Shafii. Hakukuta Arabuni ndogo. Alikuta Waislamu wa mahali pao.

Juzi hapa elimu ya vinasaba nayo imetoa ushahidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Nature ulichunguza mifupa ya watu 80, wengi wao wakiwa wamezikwa katika miji ya mwambao kati ya takriban 1250 na 1800. Katika miji kadhaa ilionekana kuwa damu ya Kiafrika ilitoka zaidi upande wa wanawake, na damu ya Asia, aghlabu ya Uajemi, ilitoka zaidi upande wa wanaume. Na kuchanganyika huko kulianza karibu na mwaka 1000. Wako waliofurahi wakasema, basi hadithi ya Shirazi ni kweli. Ni kweli kwa kiasi chake. Lakini ziweke hesabu mbili pamoja: vigingi vya Shanga ni vya karne ya 8, na mchanganyiko wa damu ni wa karibu mwaka 1000. Ikiwa hesabu zote mbili ni sawa, basi palikuwa na watu wanaosali pwani kwa muda mrefu kabla ya ndoa hizo kuenea. Ni akina Muriri, wenye msikiti kabla ya majahazi. Na ndoa zilipokuja, mtoto alilelewa na mama wa hapa, na lugha aliyoimbiwa kabla ya kulala ilikuwa lugha ya mama.

Ndiyo maana ushahidi ninaouamini kuliko wote hauko ardhini wala mifupani. Uko vinywani mwetu. Mtu anayefasiri vitabu hujifunza kuwa neno la kukopa na neno la kufasiri ni vitu viwili: la kwanza laonesha kilichopokelewa, la pili laonesha kilichoeleweka. Tulikopa mengi, na hakuna aibu. Tulikopa zaka, hija, dua na kiyama. Tulipokopa tuliyavisha nguo za nyumbani: kitabu, ambacho kwa Mwarabu kaf yake ni sehemu ya mzizi, sisi tumeifanya ki kuwa ya ngeli, tukapata vitabu. Lakini katika baadhi ya nguzo zenyewe za imani hatukukopa, tulifasiri. Aliye juu ya vyote tulimwita Mungu, kwa jina ambalo ndugu zetu wa bara wanalo katika lugha nyingi kabla ya kuujua Uislamu. Aliyetumwa tulimwita Mtume, kutokana na kitenzi chetu cha kutuma, kama vile Kiarabu kilivyomwita kwa kitenzi chake. Saumu tuliita kufunga. Makazi ya waliorehemewa tuliyaita Pepo, neno lililo jamaa ya upepo. Anayefasiri namna hii hakulazimishwa kukariri asichokijua. Aliambiwa jambo, akatafuta moyoni mwake mahali pa kuliweka, akapaona.

Tazama pia tulivyoipanga kalenda. Mwarabu huanza mwaka kwa Muharram. Sisi tuliuanza mwezi unaofuata Ramadhani, pale tunapofungua, tukauita Mfunguo Mosi. Kisha Mfunguo Pili, Mfunguo Tatu, hata Mfunguo Tisa, na baada yake Rajabu, Shaabani na Ramadhani yenyewe. Maulidi kwetu ni Mfunguo Sita. Mwaka mzima umefungwa kwa uzi wa saumu. Wiki nayo tuliihesabu kutoka Ijumaa: siku inayofuata ni ya mosi, kisha ya pili, hata ya tano. Ilipobaki siku moja kabla ya kurudi kwenye sala ya jamaa, tuliiacha na jina lake la Kiarabu, Alhamisi, ambalo nalo maana yake ni ya tano. Ndiyo sababu wiki ya Mswahili ina siku mbili za tano zinazofuatana, na kila moja ina hesabu yake sahihi. Sijui picha iliyo bora kuliko hiyo ya tamaduni mbili kukaa nyumba moja bila ya kufukuzana.

Kalenda ya mwezi, hata hivyo, haiwezi kumwambia baharia upepo utageuka lini, kwani kila mwaka hurudi nyuma siku 11 hivi. Kwa hiyo wazee waliweka kando yake mwaka wa jua wa siku 365, uanzao kwa Nairuzi, jina la Kiajemi lenye maana ya siku mpya, wakaugawa kwa miongo ya siku kumi kumi. Kwa mwandamo wa mwezi walifunga na kufungua. Kwa mwongo walilima na kutweka. Huko Makunduchi Mwaka Kogwa huadhimishwa kila Julai hadi leo, na wanaoadhimisha ni hao hao wanaosimama safu msikitini.

Mpaka hapa nimeisifu bahari. Haki yataka niseme pia kuwa chombo kilichobeba misahafu kilibeba na minyororo. Karne moja tu baada ya vigingi vya Shanga, kati ya 869 na 883, watumwa walioitwa Zanji waliasi karibu na Basra, wakauteka mji huo na kuutikisa utawala wa Baghdad. Ibn Battuta anayemsifu sultani wa Kilwa kwa ukarimu ndiye anayetueleza kuwa alikuwa akivamia nchi za jirani na kurudi na ngawira. Na neno letu zuri la uungwana, lenye maana ya adabu na utu wa mjini, lilikuwa pia na maana ya kutokuwa mtumwa. Katika karne ya 19 neno ustaarabu lilipanda cheo likalisogeza kando, na kwa hilo wengi wakafundishwa kuwa utu wao ni kitu kilichoshushwa bandarini pamoja na tende.

Jambo la ajabu ni kuwa waliotupwa nje ya uungwana hawakuiacha imani kwa wenye mali. Waliichukua wakaifanya yao. Mwishoni mwa karne ya 19, Sheikh Uways al-Barawi, aliyeuawa mwaka 1909, aliieneza tarika ya Kadiria kutoka Barawa hadi Unguja, na makhalifa wakaifikisha bara kwa njia za misafara. Lamu, Habib Swaleh aliyetoka Ngazija aliwafundisha watoto wa watumwa na wahamiaji wa bara ambao darasa za wakubwa hazikuwataka, na Maulidi yakasomwa kwa dufu hadharani. Wakati Unguja ilipofuta hali ya utumwa kisheria mwaka 1897, katika halka ya zikri tayari bwana na aliyekuwa mtumwa walikuwa wakivuta pumzi kwa mpigo mmoja. Hapo imani ilifasiriwa mara ya pili, safari hii kwa mwili.

Washairi nao walikuwa wakifanya kazi ya Muriri kwa kalamu. Waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ambazo hazina p, ch, g wala v, na zenye irabu tatu tu mbele ya tano zetu. Msomaji alilazimika kuijua lugha kwanza ndipo aweze kuyasoma maandishi. Kwa herufi hizo Pate ilitupa Utendi wa Tambuka mwaka 1728, na Hamziya ya al-Busiri ikapata sauti ya Kiswahili kwa mkono wa Sayyid Aidarus bin Athman. Kwa moyo huo huo Sheikh Abdulla Saleh al-Farsy wa Unguja alitoa tafsiri yake kamili ya Kurani mwaka 1969. Wote hao walisimama pale pale aliposimama yule mzee wa Kilwa, kati ya mfalme na mgeni, wakibeba dhamana ya kutomdhulumu yeyote kati yao.

Kwa hiyo mtoto wa skuli akiuliza nani alituletea Uislamu, tusimjibu kwa majahazi peke yake. Tumwambie kuwa wageni walileta, na wenyeji walipokea, na kupokea ni kazi. Kila mji ulikuwa na mtu aliyesikiliza maneno ya pande mbili, akayatafutia maana iliyo sawa, akasema kwa lugha ambayo mama yake angeielewa. Tarikhi imetutajia mmoja wao, na msikiti wake. Wengine majina yao yamepotea, lakini kila mwezi wa Ramadhani unapokwisha na tukasema kesho ni Mfunguo Mosi, tunasema neno waliloliweka wao.